Banjo Huanzia Mkono wa Kulia

Donoa uzi mmoja wa banjo, halafu tulia uusikilize. Sauti inaruka kwa nguvu, inalia kwa ukali, na kabla hujahesabu mbili imekwisha. Nyuzi za banjo hupita juu ya kidaraja kilichosimama kwenye ngozi iliyowambwa, na ngozi hiyo huitoa nguvu ya uzi kwa mkupuo, tofauti na gitaa ambalo huiachia polepole. Mpiga banjo basi hana noti ndefu za kuegemea. Akitaka wimbo uendelee, lazima aujaze noti nyingi fupi zinazofuatana bila pengo, na kazi hiyo ni ya mkono wa kulia. Mkono wa kushoto unaweza kukaa bila kubana uzi hata mmoja na banjo ikaendelea kuimba. Wa kulia ukisita kidogo tu, kila mtu chumbani anasikia.

Haya ninayoandika ni kwa anayeanza mizunguko ya vidole vitatu kwenye banjo ya nyuzi tano. Mzunguko ni mfuatano wa noti nane unaorudiwa tena na tena: gumba, kidole cha shahada na kidole cha kati vikipokezana nyuzi kwa mpangilio maalumu. Walimu wengi na vitabu vingi hukupa mpangilio wa vidole kwanza, ukariri, kisha ukimbize. Mimi ninashauri kinyume. Uingize mzunguko sikioni na mguuni kama mdundo kwanza, ndipo uvipe vidole. Vidole visivyojua vinabeba mdundo gani hukimbia ovyo, na kasi ikishaingia ni kazi kubwa kuvirudisha.

Kwanza chombo. Ukinunua, hakikisha banjo ina nyuzi tano. Zipo za nyuzi nne ambazo hupigwa kwa piki moja kama gitaa la ridhimu. Ni nzuri kwa kazi yake, ila mizunguko hii haipigiki humo. Kwenye ile ya nyuzi tano, uzi wa tano ni mfupi: unaanzia ubavuni mwa shingo, karibu na freti ya tano, na ndio ulio jirani na gumba lako. Huo ndio wenye sauti ya juu kuliko yote, ingawa umekaa mahali ambapo kwenye gitaa ungetegemea besi. Tyuni ya kawaida ni hii: uzi wa nne D, wa tatu G, wa pili B, wa kwanza D ya juu, na wa tano G ya juu. Ukizidonoa zote bila kubana chochote unapata kodi ya G iliyokamilika, na ndiyo sababu unaweza kufanya mazoezi ya mkono wa kulia kwa wiki nzima bila kuuhitaji wa kushoto.

Najua banjo si chombo cha kukuta kila duka la vyombo vya muziki Dar es Salaam au Nairobi. Kama una gitaa, usisubiri. Nyuzi tatu za katikati ya gitaa, yaani wa nne, wa tatu na wa pili, tayari ni D, G na B, sawa kabisa na za banjo. Shusha uzi wa kwanza kutoka E hadi D, na sasa una nyuzi nne za banjo mkononi. Kinachokosekana ni ule uzi mfupi wa juu. Mahali nitakapoandika uzi wa tano, gumba lako ligonge uzi wa tano wa gitaa ulioushusha kutoka A hadi G. Sauti itakuwa nzito badala ya nyembamba, lakini gumba litajifunza safari ileile.

Vidole huvalishwa piki. Gumba huvaa ya plastiki, shahada na kati huvaa za chuma. Kosa la kawaida ni kuzivaa za chuma kama kucha, ulimi wake ukiwa upande wa ukucha. Zigeuze: ulimi wa piki unakaa upande wa ndani wa kidole, ukifunika ile sehemu laini unayobonyezea simu. Ikunje kidogo ifuate mviringo wa ncha ya kidole, kisha kaza mabawa yake kidoleni kiasi cha kutotoka bila kuzuia damu. Siku za mwanzo zitagongana, zitakwama kwenye nyuzi, na sauti itakuwa na kelele ya chuma juu ya chuma. Ni kawaida. Usizivue ukaanza bila piki ukitumaini utazizoea baadaye, maana pembe ya mkono hubadilika na utalazimika kujifunza upya.

Mkono wenyewe uweke hivi. Kigasha kilale kwenye ukingo wa banjo. Kidole cha pete na kidole cha mwisho viguse ngozi, karibu na kidaraja, vikitulia hapo bila kukandamiza. Wengine huweza kukitua kimoja tu, cha mwisho au cha pete, na mkono wao ukawa imara. Usijilazimishe mpaka misuli ya kiganja iume. Kiwiko cha mkono kikunjwe kawaida, kifundo kiwe kimeinuka kidogo. Gumba linyooke na lisogee kutoka kwenye mzizi wake. Halipaswi kujikunja kwenye kiungo cha mbele. Shahada na kati vijongee kuelekea kiganjani, mwendo mfupi kabisa. Jiangalie kwenye kioo: mtu aliye hatua tatu kutoka kwako asiweze kuona vidole vikiruka. Kidole kinachopaa juu baada ya kudonoa lazima kishuke tena, na safari hiyo ndiyo inayokula muda wako ukianza kuongeza kasi.

Kuanzia hapa nitaandika g kwa gumba, s kwa shahada, k kwa kati, na chini yake namba ya uzi.

Mzunguko wa kwanza ni wa gumba la kupokezana:

g s g k g s g k
3 2 5 1 4 2 5 1

Gumba linaangukia noti ya kwanza, ya tatu, ya tano na ya saba, yaani kila mguu wako unapogonga chini. Ndiyo maana ninauweka mbele: mguu na gumba ni kitu kimoja, huna cha kupoteza. Mpiga gitaa aliyekulia kwenye mitindo ya zamani ya Katanga na Nairobi ataona anaujua. Jean-Bosco Mwenda, ambaye Hugh Tracey alirekodi "Masanga" yake mwaka 1952, alicharaza gitaa kwa vidole viwili tu, gumba na shahada, gumba likishika besi wakati shahada ikiimba juu. Kama umewahi kujaribu nyimbo zake, gumba lako lina uhuru ambao mwanafunzi wa banjo wa kawaida huutafuta kwa miezi.

Piga mzunguko huu hadi uweze kuzungumza na mtu huku unaendelea. Kipimo hicho kinatosha. Halafu hamia kwenye ule ambao ndio roho ya mtindo wote.

g s k g s k g k
3 2 1 5 2 1 5 1

Huu ni mzunguko wa kwenda mbele. Hapa nakuomba usiguse banjo kwanza. Hesabu noti nane, mguu ukigonga kwenye 1, 3, 5 na 7. Sasa piga makofi kwenye 1, 4 na 7 tu. Makofi yamezigawa noti nane kuwa tatu, tatu na mbili. Kofi la kwanza linakutana na mguu, la pili linaangukia katikati ya hatua mbili, la tatu linakutana na mguu tena. Rudia bila kukoma. Mtu yeyote aliyekua akisikia rumba ataukumbuka mdundo huu, kwa sababu ndio ule wa vijiti vya rumba, nusu yake yenye mapigo matatu. Tunaucheza kwenye harusi tangu utotoni. Mwanafunzi wa Ulaya huambiwa kuwa huu ni mdundo mgumu, unaovunja mapigo. Kwako wewe ni mdundo wa nyumbani, na ni faida kubwa ambayo ni dhambi kuiacha ipotee kwa kukariri vidole peke yake.

Makofi yakishakaa, badilisha makofi kwa sauti: TA-ka-ta, TA-ka-ta, TA-ka. Tumia silabi zisizo na maana. Ukitumia neno la kweli la silabi tatu, Kiswahili kitakuvutia mkazo kwenye silabi ya katikati na mdundo utahama bila wewe kujua. Kisha gonga mezani kwa vidole vitatu halisi, gumba likiwa kwenye kila TA. Mwisho kabisa, shika banjo. Utakuta gumba, likitoka uzi wa tatu kwenda wa tano na kubaki wa tano, linatamka tatu-tatu-mbili lenyewe, na shahada na kati vinajaza nafasi. Noti za gumba zisikike kwa uzito zaidi kidogo. Kidogo tu; zikizidi, unapata nyundo badala ya muziki.

Aliyeufanya mtindo huu ujulikane ni Earl Scruggs, aliyezaliwa 1924 katika Cleveland County, North Carolina. Kupiga banjo kwa vidole vitatu hakukuanza naye. Eneo lile lilikuwa na wapigaji wa namna hiyo kabla yake, akiwemo Snuffy Jenkins. Alichokileta Scruggs ni usawa wa noti. Alipojiunga na bendi ya Bill Monroe mwezi Desemba 1945, wasikilizaji wa kipindi cha redio cha Grand Ole Opry walisikia noti zikimiminika kila moja ikiwa na nafasi yake na nguvu yake, kwa kasi ambayo hawakuizoea. Sikiliza "Foggy Mountain Breakdown" aliyorekodi 1949 pamoja na Lester Flatt. Usijaribu kuifuata. Sikiliza tu kama kuna noti moja iliyomezwa.

Kuhusu Scruggs kuna jambo moja ambalo kila mwanafunzi angepaswa kulijua kabla ya kuambiwa lolote kuhusu kasi. Alipokuwa mtoto, yeye na kaka yake Horace walikuwa wakianza wimbo pamoja, kisha mmoja anaizunguka nyumba upande huu na mwingine upande ule, kila mtu akiendelea kupiga bila kumsikia mwenzake vizuri. Wakikutana upande wa pili wanaangalia kama bado wako pamoja. Hilo ndilo zoezi bora la mapigo ninalolijua, na halihitaji umeme. Kama huna mwenzako, tumia simu: weka wimbo wa mapigo yaliyonyooka, anza mzunguko wako, zima sauti kwa mizunguko minane, kisha irudishe. Uliko wewe na uliko wimbo ndiyo ripoti yako ya siku.

Metronomu ni ya lazima pia, na programu za bure zipo tele. Anza na mapigo 60 kwa dakika, noti mbili kwa kila pigo. Utaona ni polepole mno, karibu uchoke. Kaa hapo. Kwa mwendo huo sikio linapata muda wa kukagua kila noti: imetoka safi, au piki imekwaruza? Ya shahada ina nguvu sawa na ya kati? Wengi wetu tuna kidole cha kati chenye nguvu na shahada yenye uvivu, au kinyume chake, na kasi hufunika kasoro hiyo bila kuiponya. Ukipiga mzunguko dakika tatu mfululizo bila kukosea, panda mapigo manne au matano. Ukikosea mara mbili, shuka mahali pale ulipotoka. Bluegrass, muziki huu wa Monroe na Scruggs, ukiwa wa kasi hufika noti nane kwa sekunde na zaidi. Ukiwa kwenye 60 unapiga mbili. Pengo hilo huzibwa kwa miezi, na anayejaribu kuliziba kwa wiki moja hujijengea mikwaruzo ya kudumu.

Kasoro inayojirudia kuliko zote ni noti kukimbiliana mbili mbili: ta-ta, pengo, ta-ta, pengo. Mpigaji mwenyewe mara nyingi haisikii, kwa hiyo jirekodi kwa simu kila baada ya siku chache na usikilize ukiwa umeweka banjo chini. Ukiisikia kasoro hiyo, chanzo huwa ni gumba linalochelewa kuhama kutoka uzi wa tatu kwenda wa tano. Dawa yake ni kulihamisha mapema. Mara tu gumba likishadonoa uzi wa tatu, lipeleke likae juu ya uzi wa tano, lisubiri huko wakati shahada na kati vinafanya kazi yake. Fanya hivyo kwa mwendo wa pole sana, hata 40, ukitazama gumba peke yake.

Mizunguko mingine haitakusumbua sana baada ya huo. Wa kurudi nyuma ni k s g k s g k s kwenye nyuzi 1 2 5 1 2 5 1 2, na mkazo wake sasa ni wa kidole cha kati. Wa kwenda na kurudi ni huu:

g s k g k s g k
3 2 1 5 1 2 3 1

Huu ninaupenda kwa kusindikiza nyimbo za pole, kwa sababu hupanda na kushuka bila kuvunja mapigo. Na ule uliobeba "Foggy Mountain Breakdown" ni s k g k g s k g kwenye nyuzi 2 1 2 1 5 2 1 5. Ona kwamba uzi wa pili unadonolewa na shahada kwanza, kisha na gumba. Kanuni ya mizunguko yote ni moja: kidole kimoja kisidonoe noti mbili zinazofuatana, kwa kuwa lazima kirudi kabla ya kudonoa tena, na kwa kasi kubwa hakiwahi.

Ukiwa na mizunguko miwili, anza kuichanganya. Mmoja mara mbili, wa pili mara mbili, bila kusimama kwenye kiungio. Ndipo uulete mkono wa kushoto kwa kodi tatu, G, C na D, ukibadilisha kodi huku wa kulia ukiendelea kana kwamba hakuna kilichotokea. Kodi isipokaa vizuri, iache iharibike na uendelee. Mapigo ndiyo yasiyopaswa kuharibika.

Sauti ya wimbo, ile ambayo mwimbaji angeiimba, nayo huingia ndani ya mzunguko huohuo. Tuseme wimbo unataka noti ya G ndefu kwenye pigo la kwanza, kisha B kwenye la tatu. Uzi wa tatu ukiwa wazi ni G, wa pili ni B. Chukua mzunguko wa gumba la kupokezana: noti yake ya kwanza ni uzi wa tatu, hiyo ni G yako tayari. Kwenye noti ya tano, badala ya uzi wa nne, lipeleke gumba uzi wa pili. Hiyo ni B. Noti ya sita, ambayo shahada ilikuwa ikidonoa uzi wa pili, ihamishie uzi wa tatu. Nyingine sita hazijaguswa. Kaza mbili za wimbo, legeza zilizobaki, na msikilizaji atasikia G ikienda B katikati ya manyunyu ya noti. Kazi yote ya mpigaji mzoefu ni kurudia uamuzi huo mdogo pigo baada ya pigo. "Cripple Creek" hufundishwa mapema kwa sababu noti zake nyingi ziko karibu na nyuzi zilizo wazi.

Kuna njia nyingine kabisa ya mkono wa kulia ambayo haipaswi kusahauliwa: ukucha ukigonga uzi kutoka juu kwenda chini, kisha mkono ukipangusa nyuzi, kisha gumba likiuvuta uzi wa tano. Njia hii ni ya zamani kuliko bluegrass, na asili yake ni Afrika Magharibi. Wajola wa Senegal na Gambia wana akonting, chombo cha kibuyu na ngozi chenye nyuzi tatu, mmoja wao mfupi wa gumba, na hupigwa kwa ukucha unaoshuka na gumba linalofuata. Watu waliotekwa utumwani walikwenda na elimu hiyo ya mikono hadi Karibi na Marekani. Hans Sloane, aliyefika Jamaica mwaka 1687, alichapisha mchoro wa vyombo vyao mwaka 1707. Kwa hiyo Mwafrika anayeshika banjo leo hajaazima chombo cha wengine. Béla Fleck, mmoja wa mabingwa wa banjo wa zama hizi, alikuja Uganda, Tanzania, Gambia na Mali kuifuata historia hiyo, na filamu ya safari yake, Throw Down Your Heart, ilitoka 2008. Tafuta alipopiga pamoja na Anania Ngoliga wa Tanzania, fundi wa ilimba, usikie banjo inavyojipenyeza kati ya noti za ilimba bila kuzikanyaga.

Dakika ishirini kila siku zinatosha kuanzia, na ni bora kuliko saa tatu za Jumamosi. Kifundo cha mkono kikianza kuuma, acha siku hiyo. Na usikae na mizunguko chumbani mwaka mzima ukisubiri iwe kamilifu. Ukishapiga miwili bila kuyumba kwenye mapigo 80, tafuta mtu anayependa kuimba, mwombe aimbe polepole wimbo wowote wa kodi tatu, na umsindikize mpaka mwisho.